Ombeni mita 800 tu

Swali: "Habari mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wauza mayai na mikate kwa baiskeli hapa Tabata. Tuko ishirini na tatu. Kila alfajiri tunapita mitaa ya ndani, tunaingia Barabara ya Mandela mpaka Buguruni, kisha tunarudi. Mwaka huu wenzetu wawili wamegongwa, mmoja amevunjika nyonga na mpaka leo yuko kitandani. Tumekaa kikao. Vijana wanataka tuandamane. Mzee wetu anasema tutaishia kupewa semina na fulana za kung'aa. Tuanzie wapi, na hasa tudai nini? Na huyu mwenzetu aliyelala, ana haki yoyote?"

Jibu:

Ndugu katibu, poleni sana, na mfikishieni mgonjwa pole yangu. Kazi yangu ni kusanifu barabara za mjini, na barua kama hii yako huwa naijibu kabla ya nyingine zote, maana mtu anayepita Mandela saa 11 alfajiri na trei za mayai kwenye karieri hana nafasi ya kukosea hata mara moja.

Mzee wenu ameona mbali. Nimehudhuria vikao vingi ambamo waendesha baiskeli waliingia wakiomba "usalama barabarani", wakatoka na fulana, picha ya pamoja na ahadi ya semina. Sisemi fulana hazifai. Kabla hakujapambazuka zinasaidia, na mzivae. Ila fulana haijawahi kumzuia dereva wa daladala anayechomekea kuwahi abiria kituoni. Kasoro iko kwenye ombi lenyewe. "Usalama" hauna urefu, hauna upana, hauna bei, kwa hiyo hauna mstari wa kukaa kwenye orodha ya kazi za mkandarasi. Ofisa akipokea ombi la namna hiyo hutafuta kitu cha bei rahisi kinachofanana nalo, na kitu hicho ni semina. Mpelekeeni ombi la ukingo wa zege wa mita 800, matuta manne na mifuniko kumi na miwili ya mtaro. Anaweza kukubali, anaweza kukataa, lakini kulijibu kwa fulana atashindwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua kipande. Kaeni watu watano mnaoijua njia kwa miguu yenu. Choreni kwenye karatasi kubwa safari yote, kuanzia mnapopakia hadi mnapomaliza kuuza. Kila mahali mtu alipogongwa, alipoangushwa na shimo au alipokoswakoswa, tieni alama. Msizidharau zile za kukoswakoswa. Waliogongwa ni wawili, lakini waliokoswakoswa ni nyote ishirini na tatu, tena wengine kila wiki, na huko ndiko barabara inakosema ukweli wake. Mtaona alama hazisambai ovyo. Zitarundikana kwenye makutano fulani, kwenye kituo fulani cha daladala, au mahali bega la barabara linapokatika ghafla na baiskeli ikalazimika kuingia kwenye lami ya magari. Pale zilipobanana ndipo kipande chenu kilipo. Kisizidi mita 800. Kipande kifupi kinaweza kubebwa na fedha za matengenezo ya mwaka mmoja. Njia nzima ya kilomita nyingi itaambiwa isubiri mradi mkubwa, na mradi mkubwa husubiri mkopo.

Kisha ulizeni: barabara hii ni ya nani? Hapa vikundi vingi hupoteza mwaka mzima. Mandela ni barabara kuu, iko chini ya TANROADS, na diwani wenu hata akiwapenda kiasi gani hana kalamu ya kusaini juu yake. Mitaa mingi ya ndani iko chini ya TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017 kubeba barabara ambazo zamani zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Halmashauri yenyewe, ambayo kwenu tangu 2021 ndiyo Jiji la Dar es Salaam baada ya Ilala kupandishwa hadhi, ina sauti kwenye mipango, masoko na maegesho. Mkiandika barua moja kuhusu njia yenu yote itazunguka meza tatu, na kila meza itasema nusu hii si yangu. Barua ziwe mbili. Ya kwanza iende kwa meneja wa TARURA wa wilaya, ihusu kipande cha mtaa wa ndani. Ya pili iende kwa meneja wa TANROADS wa mkoa, ihusu jambo moja tu la Mandela, nami nitalitaja hapo chini.

Najua utaniuliza kwa nini nguvu kubwa iende mtaa wa ndani wakati Mandela ndiyo inayotisha zaidi. Nimelifikiria sana hili kabla ya kuliandika, kwa sababu mwenzenu amelala kitandani. Lakini kikundi kipya kinahitaji kushinda mara moja, mapema, mahali panapoonekana. Mtaa wa ndani una meneja aliye karibu, gharama ndogo, na wakazi ambao watoto wao wanapita hapohapo kwenda shule. Mkishinda hapo, siku mkiingia ofisi ya TANROADS mtaingia mkiwa watu wenye kazi ya kuonyesha.

Sasa ushahidi. Msisubiri takwimu za mtu mwingine. Ajali nyingi za baiskeli haziandikwi popote: mtu anainuka, anapangusa vumbi, anahesabu mayai yaliyopona, anaendelea. Hesabuni wenyewe. Chagueni siku tatu za kawaida, Jumanne hadi Alhamisi, zisizo na mvua kubwa wala sikukuu. Watu wawiliwawili wakae sehemu moja ya kipande chenu kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi, halafu saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Kwa kila robo saa andikeni baiskeli za mizigo, baiskeli za watu wazima wasio na mizigo, watoto kwenye baiskeli, guta na mikokoteni. Andikeni pia waendao kwa miguu, wanafunzi wa sare, na watu wa viti vya magurudumu. Hili la mwisho nalisisitiza. Baiskeli peke yake zinaweza kuonekana chache mbele ya mhandisi, lakini ukingo utakaowalinda ninyi utamlinda pia mwanafunzi na mama aliyebeba mtoto, na hao ni wengi kuliko magari. Wekeni jedwali lenu jinsi lilivyo. Msiongeze hata mmoja. Mhandisi akija kuhesabu mwenyewe akakuta namba zinafanana na zenu, mmepata rafiki ndani ya ofisi.

Mwendo wa magari nao mnaweza kuupima bila kifaa cha polisi. Pimeni mita 50 kwa futi kamba na mchore mstari wa chaki kila mwisho. Gari likikanyaga mstari wa kwanza bonyezeni kipima muda cha simu, likikanyaga wa pili simamisheni. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 3.6 ni kilomita 50, ambayo ndiyo kikomo cha sheria yetu kwenye maeneo ya makazi. Sekunde 3 ni kilomita 60. Pimeni magari 100, kisha andikeni ni mangapi yalivuka 50. Msiandike namba za magari wala kubishana na madereva. Mnachokishtaki ni umbo la barabara.

Mkiulizwa kwa nini mnang'ang'ania mwendo, jibu ni hili. Dereva huhitaji kama sekunde moja kutambua hatari na kufikisha mguu kwenye breki. Gari zima, kwenye lami kavu, likiwa kwenye mwendo wa 30 husimama kabisa ndani ya mita 13 hivi. Likiwa kwenye 50, zile mita 13 zinaisha dereva akiwa bado hajagusa breki. Anamfikia mwenzenu na mwendo wake wote, na angehitaji karibu mita 28 ili asimame. Baiskeli ileile, dereva yuleyule, umakini uleule. Shirika la Afya Duniani linasema kila wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Ndiyo maana mwaka 2020 nchi zilizokutana Stockholm zilikubaliana kwamba kikomo kiwe kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari yanachangamana na waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Shirika hilohilo lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani, zaidi ya nusu yao wakiwa wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki.

Tuje kwenye lenyewe: mdai nini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona vikundi vikishinda ombi halafu vikajengewa kitu kibaya.

Kwanza, msikubali mstari wa rangi peke yake. Mstari wa rangi Dar es Salaam ni maegesho ya bure. Ndani ya wiki utakuta bajaji zimepanga foleni juu yake, na mwendesha baiskeli anayezikwepa anatoka katikati ya lami bila kutarajiwa, jambo lililo baya kuliko kutokuwa na mstari. Ombeni ukingo wa zege ulioinuka, wenye mapengo ya kupitisha maji ya mvua. Upana wa njia yenu, ndani kwa ndani, uwe mita 2 kwa upande mmoja. Vitabu vitawaambia mita moja na nusu inatosha. Inamtosha mtu mwenye mkoba. Kwa trei za mayai zilizopandana na guta ya maji inayokuja nyuma, haitoshi.

Pili, kona. Sisi tunaendesha kushoto. Anayegongwa zaidi ni mwendesha baiskeli anayekwenda moja kwa moja wakati gari lililo kulia kwake linakata kushoto. Kona zetu nyingi zimechongwa kwa duara pana, kana kwamba ni za barabara ya mkoani, na gari hulipita duara hilo bila kupunguza mwendo. Ombeni kona ikazwe: ukingo usogezwe ndani ili gari lilazimike kukata taratibu kwa pembe kali. Na pale mtaa mdogo unapoingia barabara yenu, ombeni tuta pana la juu bapa, kiasi kwamba baiskeli inavuka bila kushuka na gari ndilo linalopanda kwenye usawa wa baiskeli. Dereva akihisi ananyanyuka, anajua ameingia mahali pa watu.

Tatu, vituo vya daladala. Njia ya baiskeli ikipita mbele ya kituo, kila daladala linaloingia linaikata, na kila abiria anayeshuka anashukia juu yenu. Ipitishwe nyuma ya kituo, hata kama ni kwa kujipinda kidogo. Ni kazi ya mita thelathini tu, nayo humaliza nusu ya ugomvi wenu na makonda.

Nne, mambo madogo yanayoua kimyakimya. Chujio za mitaro zenye nafasi zilizolala sambamba na gurudumu: gurudumu likizama, mtu anaruka juu ya usukani. Zigeuzwe zikate njia. Mifuniko iliyovunjika iwekwe upya. Nguzo za kuzuia magari ziachane mita 1.2, baiskeli na guta za kawaida zitapita, bajaji haitapita. Bodaboda itapita, niseme ukweli. Hakuna nguzo inayopitisha baiskeli ikazuia pikipiki. Ongeeni na viongozi wa kijiwe chao mapema, wapewe mahali pao pa kusimama panapoeleweka, muwe na makubaliano ya maandishi. Nao wanakufa kwa wingi barabarani, na wengi wao watawaelewa haraka kuliko mnavyodhani.

Lile jambo moja la Mandela sasa. Barabara ile inabeba malori ya makontena ya bandarini, na dereva wa lori refu aliyekaa juu upande wa kulia hawezi kumwona mtu wa baiskeli aliye karibu na mlango wa kushoto. London walilijua hili kwa uchungu. Malori yalikuwa sehemu ndogo ya magari ya jiji, lakini yalihusika katika sehemu kubwa ya vifo vya waendesha baiskeli. Mwezi Novemba 2013 walikufa sita ndani ya wiki mbili. Wanaharakati wakaenda mbele ya ofisi za usafiri za jiji, wakalala chini barabarani na baiskeli zao kama maiti. Chama chao, London Cycling Campaign, kilichokuwepo tangu 1978, kilikuwa na madai yaliyoandikwa kwa vipimo, na miaka iliyofuata jiji lilijenga njia zenye ukingo na kuweka kanuni ya kiwango ambacho dereva wa lori zito lazima aone kutoka kwenye kiti chake. Tangu Machi 2021 lori la zaidi ya tani 12 lisilo na kibali cha kutimiza kanuni hiyo linatozwa faini likiingia jijini humo.

Ninyi ombeni TANROADS makutano mamoja: mstari wa kusimamia baiskeli usogezwe mita nne au tano mbele ya mstari wa magari, ili taa ikiwa nyekundu dereva wa lori awaone mbele ya kioo chake. Na leo hii, kabla ya barua yoyote, mwambieni kila mwanachama: lori likiwa limesimama au linapunguza mwendo karibu na kona, usijipenyeze kati yake na ukingo wa kushoto, hata nafasi ikiwa kubwa. Baki nyuma yake. Mkia wa semitrela hukata kona ndani kuliko kichwa, na nafasi uliyoiona hufungika.

Mtu atawaambia haya ni ya Ulaya. Mjibuni kwa mfano wa hapahapa. Shirika la Amend, katika mpango wake wa SARSAI, lilikwenda kwenye shule za msingi za Dar es Salaam zilizokuwa na watoto wanaogongwa, likapima, kisha likajenga vitu vya kawaida kabisa: matuta, vivuko, njia za miguu, nguzo, na pengine kuhamisha lango la shule litazame mtaa mtulivu. Majeruhi walipungua kwa takriban robo, na mwendo wa magari ukashuka sana mbele ya shule hizo. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya World Resources Institute (WRI), ukishindana na miradi mikubwa ya mabara mengine. Hakukuwa na daraja wala barabara ya juu. Jiji hili pia lina njia za baiskeli na za miguu kando ya barabara ya mwendokasi ya Morogoro, iliyoanza kazi Mei 2016. Piteni pale mjifunze pande zote mbili: jinsi inavyopendeza panapokuwa wazi, na jinsi inavyopotea panapogeuka maegesho na magenge. Mkidai kujengewa, dai la kutunza liwe kwenye barua hiyohiyo.

Uholanzi, ambako leo watu hudhani baiskeli ilishuka na mvua, mwaka 1971 magari yaliua watu zaidi ya 3,000, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Mwandishi wa habari aliyefiwa na binti yake aliandika makala yenye kichwa "Stop de Kindermoord", yaani acheni kuua watoto. Wazazi wakalichukua jina hilo, wakafunga mitaa watoto wacheze, wakapanga meza katikati ya barabara wakala chakula cha jioni hapo. Sevilla huko Hispania, mji wa joto kali usiokuwa na mazoea ya baiskeli, ulijenga kilomita 80 hivi za njia zilizotengwa kwa miaka michache tu kuanzia 2006, zikiwa zimeunganika tangu mwanzo, na waendeshaji wakaongezeka mara nyingi. Lakini chama cha waendesha baiskeli cha mji huo kilikuwa kimedai jambo lilelile tangu miaka ya 1980. Nairobi nao mwaka 2015 walipata sera ya kaunti inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa miguu na baiskeli. Sera ni silaha nzuri mkononi mwa mdai, ila haijimwagi yenyewe kuwa lami. Vijana wa Nairobi bado wanatoka pamoja kwa baiskeli kila mwezi kuikumbusha.

Kuhusu wakati. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na makadirio ya ngazi za chini huandaliwa kati ya Novemba na Februari au Machi, kabla Bunge halijakaa Aprili. Barua inayofika Mei hujibiwa "tumepokea, bajeti imeshafungwa", na jibu hilo huwa la kweli. Hesabuni Agosti, pelekeni hoja kwenye mkutano wa mtaa Septemba, ipande kwa diwani na Kamati ya Maendeleo ya Kata Oktoba, barua za wakala ziwe mezani kabla ya Novemba kuisha. Ombeni iandikwe chini ya matengenezo, ya kawaida au ya muda maalumu, kwa sababu mtaa ukiwa tayari unawekwa lami upya, ukingo na matuta huongeza gharama kidogo tu. Kila barua iwe na nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili irudi kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na muhuri haikupelekwa. Mkitaka kuona mpango wa matengenezo wa mtaa wenu na mkanyimwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 za kujibu ombi la maandishi. Itajeni kwa upole.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Kwa mfano: "Sisi wauza mayai na mikate 23 wa Tabata tunaomba kipande cha mita 800 cha mtaa fulani, kutoka mahali fulani hadi mahali fulani, kiwekewe ukingo wa zege upande wa kushoto wenye njia ya mita 2, matuta manne bapa kwenye michepuko, na mifuniko 12 ya mtaro. Tumeambatanisha hesabu ya siku tatu, mwendo wa magari 100, ramani na picha sita. Tunaomba mhandisi atembee nasi kipande hiki saa 12 asubuhi, siku atakayochagua." Huo mwaliko wa mwisho ndio mzito kuliko vyote. Nilibadilika mimi mwenyewe siku niliyosukuma baiskeli yenye mzigo kwenye barabara niliyokuwa nimeichora. Kwenye mchoro ilikuwa safi. Kwenye usukani nilikuta chujio la mtaro limekaa mahali pasipo pa kulikwepa.

Vijana wanaotaka kuandamana msiwakatishe tamaa, wapeni tarehe. Msafara una nguvu ukija baada ya barua yenye muhuri, ombi likiwa linajulikana na mtu wa kulijibu akiwa anajulikana. Juni 3 ni Siku ya Baiskeli Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, na vyombo vya habari siku hiyo hutafuta picha. Sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla, ikieleza mahali, saa na madhumuni. Ninyi pelekeni wiki mbili kabla, na ombeni trafiki wawasindikize. Endesheni na mizigo yenu kama kila siku, mayai kwa mayai, mikate kwa mikate. Muwe na wanawake na watoto wa shule mbele. Dar es Salaam ina chama cha siku nyingi, UWABA, Umoja wa Waendesha Baiskeli, ambacho kimefanya misafara ya namna hii. Watafuteni, msianze upya kujifunza waliyoyajua wenzenu.

Jambo moja naliomba kwa moyo wote: msigombane na wamachinga. Mtakapopata njia yenu, mtu atakuja na wazo kwamba muungane na mgambo kuwaondoa wenye genge. Mwenye genge ni mteja wenu wa mayai. Pimeni naye hifadhi ya barabara ina upana gani, oneni meza inaweza kurudi nyuma kiasi gani, na nafasi hiyo iingie kwenye mchoro. Njia yenye watu wake pembeni hulindwa na hao watu. Iliyosafishwa kwa nguvu hurudiwa na magari.

Mwisho ni mgonjwa wenu, na hili msilipeleke Agosti, lianze kesho. Kila gari barabarani linatakiwa kisheria kuwa na bima, walau ile tunayoiita bima ndogo, na bima ndogo kazi yake ni kumlipa mtu wa nje aliyeumizwa, yaani mwenzenu. Wengi hudhani inamhusu dereva tu. Ndugu zake wakusanye fomu ya PF3 aliyotibiwa nayo, nakala ya taarifa ya ajali kutoka kituo cha polisi, vyeti vyote vya hospitali na picha za nyonga, risiti za dawa na za usafiri, na majina ya mashahidi. Kwa namba ya gari wataangalia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mtandaoni gari limekatiwa bima na kampuni gani, kisha wapeleke madai huko kwa maandishi, na nakala yenye muhuri. Daftari lake la mauzo litunzwe vizuri, kwa sababu ndilo litakaloonyesha alikuwa akiingiza kiasi gani kwa siku kabla hajalala. Kama hana daftari, ninyi wenzake ishirini na mbili mnajua alikuwa akibeba trei ngapi. Andikeni, mtie saini wote.